Nani Kanikataa? Kutoka Kompyuta ya Hazina Hadi Mkopo wa Simu

Juma lililopita nilipita Tandika sokoni, Wilaya ya Temeke, kununua dagaa. Pale ninapozoea kununua nilimkuta mama muuzaji kainamia simu yake, na meza yake haikujaa kama siku nyingine. Tulisalimiana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mbona leo dagaa wachache?"

"Mtaji umekatika, baba. Nimeuguza mtoto majuma mawili, sikuja sokoni. Nimeomba mkopo kwenye simu, elfu hamsini tu, nimekataliwa. Hebu nisomee, wameandika nini hapa?"

Nikausoma ujumbe. Ulikuwa mfupi: ombi halikukubaliwa kwa sasa, ajaribu tena baadaye. Hapakuwa na jina la mtu, hapakuwa na sababu. Mama yule akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu nikiwa nimesimama pale: "Sasa, baba, nani kanikataa?"

Mazungumzo yangu ya leo ni jaribio la kumjibu. Na ili jibu lieleweke, sina budi kurudi nyuma hadi mwaka 1965.

Mwaka huo kompyuta ya kwanza hapa nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza. Vijana wasifikiri kwamba ilikuwa kitu cha kuweka juu ya meza au kubeba kwapani. Kompyuta za enzi zile zilikuwa makabati ya kujaza chumba, zikihitaji ubaridi na mafundi wa kuziangalia. Kazi zake zilikuwa za hesabu, maana kompyuta kwa asili yake ni mtambo wa kuhesabu upesi bila kuchoka.

Miaka michache baadaye Wizara ikaleta mtambo mkubwa zaidi, ikakusudia kuukabidhi hesabu za serikali. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini mambo hayakwenda yalivyotarajiwa. Wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, na kazi ikawategemea wageni. Hesabu zikavurugika, fedha zikapotea, na hatimaye ikabidi kurudia njia za zamani ambazo makarani wetu walizifahamu.

Ilipofika mwaka 1974 nchi nzima ilikuwa na kompyuta saba. Mwaka huo huo serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Aliyeihitaji ilimbidi aombe kibali maalumu na aeleze ni ya kazi gani. Tukumbuke pia kwamba huo ulikuwa wakati wa ukame na wa kupanda kwa bei ya mafuta duniani, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Marufuku ile ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, na biashara huria ya miaka ya 1990 ikaifuta kabisa katika maisha ya watu.

Leo wapo wanaoicheka marufuku hiyo, wakisema ilituchelewesha. Sikatai kwamba tulichelewa. Chuo, kiwanda na ofisi iliyokosa kompyuta kwa miaka kumi ilikosa pia watu wa kuifahamu. Lakini ndani ya uamuzi ule lilikuwamo swali ambalo lilikuwa halali wakati ule, na ni halali hata sasa: mtambo ukikosea, nani ataulizwa? Kompyuta ya Hazina ilipovuruga hesabu, walau jengo lilijulikana, chumba kilijulikana na Wizara ilijulikana. Mtambo uliomkataa mama wa Tandika hauna mlango wa kubisha.

Tuje sasa kwenye jambo linalosemwa kila kona siku hizi, yaani akili mnemba. Kiswahili kimehangaika na majina katika mambo haya. Kompyuta yenyewe kuna waliotaka tuiite ngamizi, wakaja wengine na tarakilishi, lakini wananchi wakaendelea kusema kompyuta. Akili hii nayo wengine huiita bandia, wengine unde. Hapa kwetu jina lililoshika ni akili mnemba, nami nitalitumia hilo.

Jina la Kiingereza lilibuniwa na Mmarekani John McCarthy, alipokuwa akiandaa mkutano wa wanasayansi uliofanyika katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 1956. Walikusudia kuchunguza kama mtambo unaweza kufanya yale ambayo mtu akiyafanya tunasema ametumia akili: kuelewa lugha, kutambua vitu, kutatua matatizo, kujifunza.

Neno la mwisho ndilo zito, kujifunza. Mtambo unajifunzaje? Sina mfano bora kuliko drafti.

Nenda kijiwe chochote cha Mwananyamala au Mbagala wakati wa jioni, utakuta ubao na visoda, wachezaji wawili, na washauri kumi ambao hakuna aliyewaomba ushauri. Kijana anayeanza hufungwa kila siku. Lakini baada ya miezi kadhaa huanza kuona kwamba akikaa namna fulani hufungwa, na akikaa namna nyingine huokoka. Hakuna aliyemwandikia kanuni hizo, amezipata kwa kufungwa.

Huko Marekani, bwana mmoja mtaalamu wa kampuni ya IBM, Arthur Samuel, aliwaza hivyo hivyo. Akatengeneza programu ya kucheza drafti, akaiwezesha kukumbuka hali za ubao ilizozipitia na kupima kila hali kwa tarakimu: visoda vingapi vimebaki, kingi ngapi, nani kashika katikati. Baada ya michezo, programu ilirekebisha vipimo vyake yenyewe. Kilichosaidia ilikiongezea uzito, kisichosaidia ilikipunguzia. Ilicheza hata dhidi ya nafsi yake, bila kula wala kulala. Samuel aliandika habari za kazi hiyo mwaka 1959, akaonyesha kwamba programu inaweza kujifunza hadi ikacheza vizuri kuliko aliyeitengeneza. Mwaka 1962 ilimshinda mchezaji hodari aitwaye Robert Nealey. Mwaka 1997 mtambo mwingine wa IBM, Deep Blue, ukamfunga Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji. Na mwaka 2007 watafiti wa Kanada wakatangaza kwamba wameimaliza drafti ya Kiingereza kabisa: wachezaji wawili wasiokosea hata kete moja watatoka sare.

Hayo ndiyo mambo mawili ninayowaomba myashike. Kwanza, mtambo hujifunza kutokana na yaliyopita. Pili, mtambo hauelewi kama tunavyoelewa sisi, bali hupima na kurekebisha vipimo. Ukiulizwa kwa nini umesogeza kisoda hiki, jibu lake ni tarakimu.

Sasa turudi mtaani. Kabla ya simu hizi, mkopo wa mama wa Tandika ulikuwa wapi? Ulikuwa kwenye daftari la Mangi, mwenye duka la pembeni. Mangi naye alikuwa akijifunza. Alijua nani hulipa mwisho wa mwezi, nani huzunguka uchochoro wa pili asionekane, nani akikopa sukari basi mshahara umechelewa. Yote aliyapata kwa yaliyopita. Lakini Mangi alijua pia mambo yasiyoandikwa daftarini. Msiba ukitokea uchochoroni aliusikia. Mtoto akilazwa hospitali ya Temeke, aliambiwa asubuhi wakati wa kuuza mkate. Na akikunyima, ulijua ni yeye, ukasimama mbele ya kaunta ukamweleza, naye akanuna au akakuelewa.

Mwezi Machi 2007 huduma ya M-Pesa ilianza Kenya, na mwaka 2008 ikaanza hapa kwetu. Simu ikawa pochi. Mitandao mingine nayo ikaja na huduma zake, na baada ya muda ikafuata mikopo midogo ya papo kwa papo. M-Pawa, kwa mfano, ilianza hapa mwaka 2014. Mamilioni ya watu ambao benki haikuwahi kuwafungulia mlango walipata mahali pa kukopa bila kupanga foleni, bila hati ya nyumba, bila mdhamini. Hilo ni jambo jema, na sitaki mtu aseme kwamba nimelipinga.

Lakini nani anaamua? Hakuna karani anayeweza kusoma maombi ya watu wote hao kwa dakika moja. Anayeamua ni programu, ndugu wa mbali wa ile drafti ya Samuel. Huangalia mwenendo wa namba yako: unaweka fedha mara ngapi, unatoa mara ngapi, unanunua vocha kwa mpango gani, mkopo wa mwisho ulilipa lini. Kila jambo lina uzito wake. Uzito huo umetokana na maelfu ya watu waliokopa kabla yako, waliolipa na waliokimbia. Mwisho hutoka tarakimu moja. Ikiwa juu unapata, ikiwa chini unakosa.

Mimi sikuingia ndani ya mtambo uliomkataa yule mama, wala sijui ulipima nini hasa. Lakini fikirini wenyewe. Majuma mawili aliyouguza mtoto, simu yake haikuingiza fedha ya mauzo. Programu huona kimya. Kimya cha mama anayeuguza na kimya cha mtu anayekimbia madeni, kwenye tarakimu, vinafanana. Mangi angeweza kuvitofautisha. Mtambo hauwezi, isipokuwa kama kuna mtu aliyeufundisha kuuliza.

Nisije nikaeleweka kwamba akili mnemba ni balaa tupu. Nitoe mfano mwingine, nao uko karibu, Mikocheni, Wilaya ya Kinondoni, ambako taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, IITA, ina kituo chake.

Wakulima wa muhogo wa Pwani wanayajua magonjwa mawili makubwa, batobato na michirizi kahawia. Historia ya magonjwa hayo ni ya hapa hapa. Batobato ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894, nchi hii ikiwa chini ya Wajerumani. Michirizi kahawia ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, mtaalamu wa kituo cha Amani, Tanga. Ugonjwa huu wa pili ni msaliti. Shina linaweza kuonekana zima, kumbe siku ya kuvuna muhogo umeoza ndani.

Wataalamu wa IITA na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walikusanya picha za majani ya muhogo zilizopigwa katika mashamba ya Tanzania. Watu wenye ujuzi wakaainisha picha hizo: hili ni batobato, hili ni michirizi kahawia, hili limeshambuliwa na utitiri wa kijani, hili ni zima. Programu ikafundishwa kwa picha hizo kama kijana wa drafti anavyofundishwa kwa kufungwa. Ikapewa jina la Kiswahili, Nuru. Mkulima huelekeza kamera ya simu kwenye jani, na simu humwambia inachokiona, kwa Kiswahili, hata pasipo na mtandao shambani.

Angalieni tofauti. Nuru ikikosea, mkulima analo jani mkononi na anaweza kumwita bwana shamba alitazame. Jibu la mtambo linaweza kukaguliwa na mtu. Na elimu iliyomo ndani yake haikushuka kutoka mawinguni. Ni ujuzi wa watu walioinama mashambani kwa vizazi kadhaa tangu enzi za Amani, ukaingizwa kwenye simu.

Ndivyo ilivyo pia kwa mtambo mashuhuri kuliko yote, ChatGPT, uliofunguliwa kwa umma mwezi Novemba 2022. Huu umefundishwa kwa maandishi mengi mno ya wanadamu, na kazi yake ya msingi ni kukisia neno linalofuata baada ya maneno yaliyotangulia. Kwa kukisia huko unaandika barua ya kuomba kazi, unafasiri, unafupisha taarifa, unamweleza mwanafunzi hesabu iliyomshinda. Vijana wa Sinza na Kigamboni wanautumia kila siku. Lakini kwa kuwa unakisia, unaweza kutunga jambo lisilokuwapo na kulisema kwa uhakika wa wakili mahakamani. Na kwa kuwa maandishi ya Kiingereza ndiyo yaliyojaa katika chakula chake, Kiswahili chake wakati mwingine hunuka tafsiri. Tusilaumu mtambo peke yake. Lugha isiyoandikiwa vitu vya maana haitakuwa na cha kumlisha mwanafunzi huyu.

Tena kuna jasho la watu lisiloonekana. Mwezi Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi mjini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome na kuainisha maandishi machafu, ya ukatili na unyanyasaji, ili ChatGPT ifundishwe kuyakwepa. Kwa hiyo ukiona mtambo una adabu, jua kuna Mwafrika Mashariki mwenzako aliyeusomea matusi.

Nimesema mengi, sasa nirudi kwenye swali la mama.

Kwanza, tulipata onyo. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kwa njia ya mtandao bila leseni, ikawatahadharisha wananchi. Watu walikuwa wamelalamika sana juu ya wakopeshaji wa namna hiyo: riba isiyoeleweka, na mdaiwa akichelewa, ndugu na majirani waliomo kwenye simu yake hutumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Kumbe siku alipokubali masharti asiyoyasoma, alifungua na kitabu chake cha majina.

Pili, tulipata sheria. Bunge lilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Sheria hiyo inagusa jambo hili hili tunalolizungumza, yaani uamuzi unaofanywa na mtambo peke yake juu ya mtu. Inampa mwananchi haki kuhusu uamuzi wa namna hiyo, ikiwa ni pamoja na kutaka uangaliwe upya. Ina masharti yake na mahali ambapo haitumiki, kama sheria zote, na sitaki mtu atoke hapa akidhani kila aliyenyimwa mkopo lazima apewe. Sheria haisemi hivyo. Inachokubali ni kwamba uamuzi juu ya mtu usiachwe kama mwana asiye na baba.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo jibu la swali la mwaka 1974, ila limechelewa kufika. Wakati ule tuliona mtambo unatuletea hasara, na kwa kuwa hatukuwa na watu wa kuuhoji, tukaufungia mlango. Leo mlango haupo. Mtambo umeingia mfukoni, kwa hiari yetu, na unatufaa katika mengi. Marufuku haiwezi kurudi, wala isirudi. Kinachoweza kurudi ni lile swali, tukaliuliza kila mahali: hospitalini mtambo utakaposoma picha ya kifua, shuleni utakaposahihisha mtihani, ofisini utakapochuja maombi ya kazi. Nani ataulizwa?

Wajibu huo si wa serikali peke yake. Anayekopesha kwa simu aandike sababu, kwa Kiswahili cha sokoni, na aweke namba inayopokewa na mtu. Vyuo vyetu vifundishe vijana kuufungua mtambo na kuuhoji, si kuutumia tu, maana mwaka 1974 tuliponzwa zaidi na uhaba wa watu hao. Nasi wananchi tusibonyeze "nakubali" kama tunavyopangusa jasho. Tuulize kama mkopeshaji ana leseni, tuulize anachukua nini kwenye simu, na tukikataliwa tuulize kwa nini.

Jana nilirudi Tandika. Nilimweleza mama yule kwamba aliyemkataa si mtu, ni hesabu iliyotengenezwa na watu, na kwamba watu hao ana haki ya kuwauliza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafunga dagaa wangu kwenye gazeti.

"Sawa, baba," akasema. "Sasa nipe hiyo namba ya kuwapigia."

Tukautafuta ujumbe ule tena kwenye simu yake. Namba haikuwamo. Tukakubaliana kwamba Jumatatu tutakwenda pamoja hadi ofisini kwao, tukabishe hodi.